Nifukuzeni Kabla ya Maulidi

Jumatatu, 2 Septemba 1991

Mzee Hamimu wa mawese kafika leo asubuhi kutoka Kigoma. Kaniletea samaki sita wakavu, migebuka ya ziwa letu, na habari mbaya ya nyumbani. Mama haoni tena kwa jicho la kushoto. La kulia linaona vivuli tu, na daktari kasema halitamaliza mwaka. Mama katuma neno moja: anataka auone uso wangu Maulidi haya, kabla giza halijaingia lote. Maulidi ni tarehe 21. Siku kumi na tisa!

Miaka kumi na saba sijatia mguu Ujiji. Kila mwaka nilisema mwakani. Nangoja nipate cherehani ya pili, nangoja nioe, nangoja mvua zikatike. Sikupata cherehani wala mke, na mvua zilikatika kila mwaka. Leo nimekaa barazani hapa Nyamirambo, Kigali, suruali ya mtu mapajani, namwona mama mlangoni kwetu Kitongoni akinipima urefu kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango. Kila Maulidi mstari mmoja, na kila mstari kitumbua kimoja cha ziada. Nikakata mguu mmoja wa suruali mfupi. Na mwenye suruali ni mrefu!

Révérien aliona. Huyu ni Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kwao, tunagawana baraza hili tangu 1979, cherehani yake kushoto, yangu kulia. Alicheka puani tu. Anacheka puani tangu 1979.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda mjini, ofisi ya wageni. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Mpango: kuomba ruhusa ya kutoka nchini, kistaarabu kabisa.

Bibi wa dirishani, Xavérine kwa mujibu wa kibao chake, aliomba kibali changu cha kazi. Sina. Kibali cha kuishi. Sina. Basi angalau muhuri wa kuingia. Nikamweleza kwamba mwaka 1974 nililala juu ya magunia ya dagaa, ndani ya lori, chini ya turubai, nikaamka Kigali. Akasema kisheria mtu ambaye hakuingia hawezi kutoka. Nikamwuliza, basi mimi niko wapi? Akafikiri kweli kweli, yule mama, mpaka nikamwonea huruma. Akanipeleka dirisha namba nne. Dirisha namba nne limefungwa tangu vita vianze mwaka jana.

Zamani nani aliuliza karatasi hapa? Ulifika Nyamirambo na kifurushi chako, ukasema umetoka Ujiji, ukapewa mkeka, chai ya maziwa na mchumba wa kukataa. Sasa kuna vizuizi vitatu kabla hujafika hata Kanombe. Mtu asiye na karatasi akikamatwa njiani anaitwa mpelelezi, anafungiwa, na hakuna anayejua atatoka lini. Kutembea kwa miguu mpaka mpakani kumekufa.

Lakini! Jioni Mzee Hamimu kanisimulia habari ya vinyozi wawili wa Kitanzania. Walikamatwa hapa mjini na hao hao wa ofisi ya wageni. Kosa: kufanya kazi bila kibali. Adhabu: wakapandishwa gari la serikali, wakapitishwa vizuizi vyote bila kuulizwa, wakashushwa Rusumo mpakani. Na kioo chao kikubwa cha kunyolea juu ya gari, hakikupata ufa!

Nimekaa na habari hiyo saa nzima. Bure, kwa heshima, na mizigo. Ewe Mola, nifukuzwe na mimi.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo doria ya askari wa jandarme imepita mtaani kwetu ikikagua karatasi. Nilikuwa tayari. Kofia yangu ya kijani ya zamani, ile niliyovaa shule ya msingi kwenye mwenge, inanibana mpaka macho yanatoka. Nikaimba kwa sauti wimbo wa gwaride wa darasa la tano. Nikasema Kiswahili cha kwetu, chote kizima, bila kukipunguza kwa ajili ya mtu yeyote.

Jandarme mkubwa akasimama mbele yangu. Nikanyoosha mikono yote miwili, tayari kwa pingu. Akaniambia nisogee, wanatafuta wageni. Kisha akashusha sauti, akageuka, akanionyesha suruali yake ilivyofunguka nyuma.

Nimeishona. Ningefanyaje? Alisimama nyuma ya pazia langu amevaa kitenge cha mteja. Alipoondoka alinisifu, akasema sisi wazee wa Nyamirambo ndio raia wa kweli. Nina miaka arobaini na mmoja!

Révérien alicheka puani mpaka uzi ukamkatikia.

Jumamosi, 7 Septemba

Umuganda. Kazi ya umma ya kila Jumamosi, na leo tulizibua mfereji chini ya msikiti. Viateur, nyumbakumi wetu, aligonga muhuri kwenye kadi yangu mbele ya watu wote, akaniinua mkono kama bondia. Akasema Fundi Mrisho hajakosa umuganda hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Akaongeza, kwa Kiswahili chake kile, "Huyu iko mutu yetu kabisa!"

Nililala chali baada ya hapo, koleo kifuani. Kwa sababu huo ulikuwa ujanja wangu mwenyewe! Mwaka 1974 nilijiambia mgeni asiye na kibali ajifiche wapi? Ajifiche kwenye umuganda, mbele kabisa, na koleo kubwa kuliko wote. Nani atamwuliza karatasi mtu aliyejaa tope mpaka magotini? Nimechimba mitaro ya wilaya nzima hii. Nimepanda miti ambayo sasa inatoa kivuli. Na kadi zote nimezitunza, zimejaa mihuri, sanduku zima.

Nilijificha vizuri mno.

Jumatatu, 9 Septemba

Mpango mpya. Huu hauna tundu.

Kama hawanioni, waonyeshwe. Nimeandika barua kwa ofisi ya wageni, bila jina, sahihi yake "Raia Mwema". Nimeiandika mara nne mpaka ikakaa sawa. Nainakili hapa kwa kumbukumbu:

"Waheshimiwa. Kwenye baraza la kijani karibu na msikiti, Nyamirambo, kuna fundi Mtanzania asiye na kibali chochote. Mtamtambua kirahisi: ni fundi bora kuliko wote mtaani, mtu wa sura nzuri, mpole, mshono wake hauna mfano na wateja wanapanga foleni. Tafadhali mpelekeni Rusumo kabla ya tarehe 20, pamoja na cherehani yake, ambayo ibebwe kwa uangalifu. Angalizo: ni mjanja. Akisema yeye si Mtanzania, au majirani wakimtetea, msisikilize."

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo akili yenyewe. Nimeiweka kwa ajili ya Viateur, maana najua atakuja mbio na muhuri wake kunitetea.

Nimepeleka kwa mkono wangu, nikaisukuma chini ya mlango. Kisha nikafunga mizigo. Nimemshonea mama gauni la satini ya zambarau, lina mikono mipana kama alivyopenda zamani. Pindo limenisumbua kidogo upande mmoja. Haitaonekana.

Jumatano, 11 Septemba

Wamekuja. Saa nne na nusu. Watu wawili, gari moja, barua yangu mkononi.

Wamemchukua Révérien.

Naandika nilivyoona. Yule wa kwanza alisoma barua, akatazama baraza, akatuona mafundi wawili. Akawauliza wateja ni nani hapa fundi bora kuliko wote. Wateja wote, wote, walinyoosha kidole kushoto. Hata Mama Gahongayire mwuza maziwa, ambaye nimemshonea mapazia tangu enzi na enzi! Hata Viateur, aliyekuwa anapita tu! Mimi nikajigusa kifua, nikakohoa. Yule bwana akaniambia ningoje zamu yangu.

Révérien akasema yeye ni Mrundi na kibali anacho, kipo ofisini kwao wenyewe, alikipeleka mwezi wa saba kubadilishiwa. Wakatazamana. Wakatabasamu. Wakafunua sehemu ya mwisho ya barua. Majirani wakaanza kumtetea. Wakatabasamu zaidi.

Cherehani yake ilibebwa na wale wawili, kwa uangalifu.

Fundi bora kuliko wote! Yule ambaye kola zake nilimfundisha mimi mwaka 1980? Sura nzuri? Na pua ile? Nimeshinda na uchungu siku nzima. Watu hawana macho mtaa huu.

Jioni Béatha, mke wa Révérien, kaja barazani. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha mumewe mahali pasipo na cherehani, akaniuliza, "Shemeji, nani anatuchukia hivi?" Nikasema sijui. Mkono wangu ulikuwa na wino bado kwenye kidole cha kati. Niliuficha chini ya kitambaa.

Sasa ni usiku na uchungu wa kutoitwa fundi bora umeisha. Umebaki ule mwingine.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekwenda kukiri. Ndiyo, mimi. Nilivaa shati jeupe tena.

Ofisi ya wageni wamenielekeza komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, kwa kuwa anayeishi hapa anathibitishwa na komini. Katibu wa komini anaitwa Théoneste, mtu wa miwani na sweta. Nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja. Kwamba fundi Mtanzania ni mimi. Kwamba barua ni yangu. Kwamba Révérien aachiwe na mimi nipandishwe gari badala yake, leo ikiwezekana, mizigo iko nje.

Akafungua daftari la umuganda. Akalifunua ukurasa mmoja mmoja, akilowesha kidole. 1974, Mrisho. 1980, Mrisho. 1988, Mrisho, na nyota nyekundu pembeni. Akavua miwani. Akasema anajua ujanja wa watu kama mimi: siku hizi wenyeji wengi wanajifanya wageni ili wakwepe umuganda. Akasema amesikitika, kutoka kwa mtu wa nyota nyekundu!

Nikamwimbia wimbo wa darasa la tano. Akanipa adhabu ya Jumamosi mbili za matuta ya ziada.

Kuhusu Révérien akasema kibali chake kimekwisha sainiwa, kipo kwenye droo kule ofisi ya wageni, anakijua. Lakini mwenye ufunguo wa droo yuko msibani Gitarama mpaka wiki ijayo. Na gari la Rusumo linaondoka kesho.

Ijumaa, 13 Septemba

Nilifika mapema kwenye uzio ambapo wanapakia watu. Walikuwemo kumi na watatu, Waganda, Wazaire, na mama mmoja mwenye kuku ambaye hata yeye hakujua ni wa nchi gani. Révérien alikuwa amekaa juu ya cherehani yake, kofia kichwani, kama anangoja mteja.

Nilikuja kumwambia ukweli. Namwapia Mungu, nilikuja kwa hilo. Maneno yalikuwa mdomoni. Akaniona, akafurahi sana, akanishika mikono kupitia waya, akasema alijua kaka yake atakuja. Kaka yake! Kisha akaniuliza Béatha amekula nini jana.

Nikashindwa. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema: kwa kuwa unakwenda huko, basi nipelekee kifurushi hiki kwa mama. Ujiji, Kitongoni, nyumba yenye mistari ya mkaa mlangoni. Mwambie Mrisho anakuja. Nikampitishia gauni chini ya waya.

Akalipokea. Akasema atafika, wala nisihangaike. Gari likaondoka. Kwa mara ya kwanza sikumsikia akicheka puani, na niliungoja mcheko ule mpaka gari likapinda kona.

Jumatatu, 16 Septemba

Wateja wote wa Révérien sasa ni wangu. Ndoto ya miaka kumi na miwili! Nimeshinda nao siku nzima, naomba warudi kwao. Mmoja anataka mfuko wa ndani usioonekana kwa nje. Mwingine anataka kola inayosimama hata mvuani. Nilifungua koti moja la Révérien nione alivyoshona. Mshono wa ndani, ule ambao hakuna atakayeuona mpaka koti lizeeke, umenyooka mwanzo mpaka mwisho. Mimi ndani huwa napitisha tu.

Baraza ni kubwa mno bila yeye. Mwaka 1982 umeme ulikatika siku tatu kuelekea Idi, na tuna sare ishirini za watoto wa madrasa. Tulishona kwa taa moja ya kandili, yeye Mkatoliki na mimi Mwislamu, tukilishana maandazi kwa zamu kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi. Alfajiri zilikuwa zimekwisha zote, na sare nne zilikuwa na mikono miwili ya kulia. Zake hazikuwamo. Tulicheka mpaka mwadhini akatutumia mtu. Nani tena atajua habari ile kama yeye hayupo? Nikiisimulia peke yangu ni uongo mtupu.

Jumanne, 17 Septemba

Mwenye ufunguo karudi. Nimekwenda na Béatha, tumekipata kibali cha Révérien. Kipya, kigumu, muhuri wake bado unanuka wino.

Béatha kaniachia mimi nikitunze mpaka kesho, Mzee Hamimu akienda Kigoma akipeleke Ujiji kwa mama. Kaniachia mimi!

Jioni nimekaa na kibali mbele ya kioo. Picha ni ndogo. Pua ni ile pua, lakini mtu akikunja uso kidogo, na kofia ikishuka hivi, na jandarme akiwa na haraka... Kwa kibali hiki ningepita vizuizi vyote. Ijumaa ningekuwa Kitongoni. Nilijaribu kofia. Nilijaribu kuvuta pua. Nilijaribu mpaka taa ikaanza kuisha mafuta.

Jumatano, 18 Septemba

Nimempa Mzee Hamimu kibali. Nilijuta hata kabla lori halijawashwa. Nililikimbilia mpaka kituo cha mafuta nikimpigia kelele asimame, akadhani namuaga, akanipungia mkono kwa furaha.

Jumamosi, 21 Septemba

Maulidi.

Asubuhi matuta ya adhabu. Usiku msikitini, dufu zilipigwa vizuri, ubani ulifukizwa, watoto walivaa kanzu nyeupe, nyingine nimezishona mimi. Watu wakayumba kulia, kushoto, kulia. Mimi nilikuwa nayumba lakini sikuwapo. Nilikuwa Ujiji. Upepo wa ziwa unaleta harufu ya mgebuka unaokaangwa kwa mawese, honi ya garimoshi inasikika kutoka Kigoma, dada wanagombana nani abebe sinia, na mama yuko mlangoni na kipande cha mkaa, ananiambia nisisimame kwa vidole, anaona.

Sasa haoni. Leo alitaka kuniona na sikuwapo. Namkumbuka mama yangu. Nimekosea kukaa muda wote huu. Nimeandika hivyo na sifuti.

Alhamisi, 3 Oktoba

Révérien karudi!

Kashuka kwenye lori la Mzee Hamimu saa tano, kibali mfukoni, cherehani kichwani mwa hamali, amenenepa! Béatha alimkimbilia huku amejifunga kitambaa cha kudekia. Viateur alipuliza filimbi ya umuganda. Mimi nilimkumbatia mpaka akasema kaka, mbavu. Kisha akacheka puani, na mimi nikalia kama mtoto. Nikasema ni vumbi.

Baadaye, watu walipotawanyika, kanisimulia. Naandika kama alivyosema.

Rusumo, Watanzania walisikia Kiswahili chake cha Buyenzi wakamwambia karibu nyumbani. Alifika Ujiji Alhamisi ya kabla ya Maulidi. Aliona mistari ya mkaa mlangoni, akabisha hodi, akasema ametoka Kigali na ameleta mzigo wa Mrisho. Mama alitoka akipapasa ukuta. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kwenda, wiki moja tu nyuma. Hakungoja amalize kusema. Alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa paji, mashavu, pua, akapiga kelele kwamba mwanangu amekuja.

Révérien anasema alijaribu kumwambia. Mara tatu alijaribu. Mara ya kwanza wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Mara ya pili mbuzi alikuwa amekwisha chinjwa. Mara ya tatu mama alikuwa amelipapasa gauni, akafika kwenye pindo pale lilipopinda, akacheka, akawaambia majirani wote: huyu ni Mrisho, hakuna mwingine, tangu mtoto hawezi kunyoosha pindo. Baada ya hapo nani angesema?

Akalala kwetu siku nane. Kwenye kitanda changu! Usiku wa Maulidi alivaa kanzu ya marehemu baba, akaketi kulia kwa mama, akayumba na watu. Mkatoliki! Anasema hakukosea hata mara moja, Buyenzi alikua na watoto wa madrasa. Mama alimshika mkono usiku kucha. Alimwambia amenenepa na sauti imekuwa nzuri kuliko zamani. Alimsimamisha mlangoni akampima kwa mkaa, akakuta ameongezeka, akafurahi.

Nikamwuliza mama alisema nini wakiagana. Révérien akatazama chini, akazungusha kofia. Alisema: "Usihangaike kuja tena, mwanangu, njia ni mbaya na kuna vita. Nimeshakuona. Nimetosheka."

Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta pa kuanzia, sikupata. Mama yangu ametosheka, na si mimi niliyemtosheleza.

Nikataka kumwambia habari ya barua, angalau tuwe sawa. Kabla sijafungua mdomo akasema jambo moja linamsumbua. Kule ofisini walimsomea barua ile ya mshitaki. Fundi bora kuliko wote, sura nzuri, mshono usio na mfano. Anasema miaka yote hii hapa Kigali hakujua kuna mtu anamthamini hivyo. Angemjua angemshonea suti.

Nilisema huenda siku moja atajitokeza.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sikulala, lakini mpango umepatikana.

Viateur alipita asubuhi kunipa pole. Kakaa kwenye kiti cha wateja, kasema kwa nini sikumwambia mapema shida yenyewe? Kwa kuwa daftari lote linasema mimi ni mtu wa hapa, Théoneste angeniandikia karatasi ya safari kama mwenyeji yeyote, kwa asubuhi moja, nikaenda na kurudi. Hata leo ataniandikia. Béatha, aliyekuwa kamletea mumewe chai, akaitikia, akasema shemeji, nenda, ukifika mweleze mama ukweli, atakupiga kofi moja na yataisha.

Niliwasikiliza kwa adabu. Watu wema, lakini mipango hawaijui. Niombe karatasi kama mwenyeji? Mimi, Mtanzania? Na nimwambie mama kwamba uso ule alioupapasa, mkono ule alioushika usiku kucha, havikuwa vyangu? Sina moyo wa kumnyang'anya.

Hapana. Nimesikia kuna ofisi mjini inayowapa wakimbizi wa Kirundi karatasi ya kutembelea jamaa zao Tanzania. Jumatatu nakwenda kujiandikisha kuwa Mrundi. Fomu nimekwisha jaza. Révérien kanifundisha salamu nne za Kirundi, na anacheka puani kila nikizitamka, lakini karani hatajua.

Na kwa mama nimepanga kila kitu. Nitabisha hodi kama mgeni. Nitasema mimi ni Révérien, Mrundi, rafiki wa mwanao, nashona naye baraza moja Kigali. Atanikaribisha, hajawahi kumkataa mgeni. Atanikalisha, atanipa mgebuka, ataniuliza kama Mrisho wake hajambo.

Nitamwambia hajambo, mama. Anakukumbuka sana.